Mama Sijaona na Hesabu ya Matone

Baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, Mama Sijaona Uthmani anastaafu tarehe 30 Juni. Wagonjwa wa wodi ya wanaume wameshaanza kutuuliza ni nani sasa atakayewagombeza.

Alianza wodi ya watoto, na tangu hapo kila muuguzi mpya amepita mikononi mwake. Mililita za dripu gawanya kwa idadi ya saa, kisha gawanya kwa tatu, upate matone ya dakika moja. Halafu bandika sparadra, ile plasta ya kunata, ubavuni mwa chupa, uweke alama pale maji yanapotakiwa kufika kila saa. Haraka haraka haina baraka, alituambia, sembuse kwenye mshipa wa mtu!

Hata bomba la jikoni lilipovuja alitoa saa yake, akahesabu, akamwambia fundi kwamba tunapoteza lita mbili kwa siku. Fundi aliona haya, akalitengeneza.

Miaka sita iliyopita tuliletewa mirija mipya ya dripu. Matone yake yalikuwa makubwa: kumi na tano kwa mililita, si ishirini tuliyozoea. Pakiti ilisema hivyo, lakini hakuna aliyeisoma, tukaendelea kugawanya kwa tatu badala ya nne. Mzee Hyacinthe, mgonjwa wa moyo aliyetakiwa kupewa maji polepole, akaanza kuhema. Mama Sijaona alitazama sparadra, akaona maji yameshuka mno kupita alama. Akafunga mrija, akamkalisha mzee wima, akamwita daktari. Tuliogopa sana. Jioni mzee aliomba chai.

Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, mkurugenzi alitaka jina la aliyetundika chupa ile, amfukuze kazi. Mama Sijaona akasimama, akasema kwa Kiswahili cha mtaani kwake Buyenzi: “Iyo hesabu njo mi niliwafundisha, na pakiti mi sikusoma. Kosa ni yangu.” Alipewa barua ya onyo, na cheo cha mkuu wa wauguzi kikamchelewa miaka mitatu. Tangu siku hiyo, katoni ya mirija haifunguliwi kabla ya mtu kusoma pakiti kwa sauti.

Mama Sijaona, sisi wenzako tunakushukuru, na tunakuombea afya na mapumziko mema kwako Buyenzi pamoja na wajukuu.

Chupa ile niliitundika mimi, Audace, nikiwa katika wiki ya sita kazini. Ulijua, hukunitaja hata kwa utani. Naomba radhi mbele ya wote kwa kukaa kimya miaka yote hii.