Mzee Stanslaus Mageni, Mlinzi wa Mlango wa Mto Nyakasenyi

Ndugu waombolezaji, mimi Donatus, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya baba yetu, nanyi mnivumilie, kuna mahali patanishinda.

Marehemu alizaliwa mwaka 1899 hapa hapa Nyakasenyi, mto wetu unapoingia ziwani, akajifunza kusoma kwa katekista mwaka 1911 hadi 1913, akaacha masomo baba yake alipofariki, akashika migono ya kuvulia samaki. Mwaka 1924 alifunga ndoa na mama yetu Klara, wakajaliwa watoto watano, tumebaki wawili, mimi na Serafina.

Mwaka 1931 wazee walimkabidhi ulinzi wa mlango wa mto, kazi isiyo na mshahara ila vijiji vyote vya pwani hii vilishiba kwayo, kwani kila masika, ningu wakipanda mto kutaga, hakuruhusu mtego wowote, hata wa shemeji yake, mpaka samaki wateremke.

Machi 1949 mlango ulizibwa kwa nyavu za dukani, ningu wakakamatwa na mayai tumboni, wakakaushwa, wakauzwa machimboni Geita. Barazani baba alisema aliyeruhusu ni yeye, akavuliwa ulinzi. Mwaka 1952 hakupanda hata samaki mmoja, kati ya kaya arobaini zikabaki kumi na moja, vijana wakaenda kuchimba dhahabu ya watu wengine. Miaka minane baba aliwasalimia njiani, na wengi wenu hamkuitikia.

Masika haya, kama kawaida yake, alikwenda kukaa mlangoni akitazama maji, mvua ikamnyea, akashikwa na vichomi tarehe 27 Machi, akafariki Jumanne, tarehe 9 Aprili 1957, saa nne asubuhi. Aliuliza kama ningu wamepanda, Serafina akamwambia, "Wamepanda, baba, wengi," naye akafumba macho.

Karatasi ya familia inaishia hapo. Nyavu zile zilikuwa zangu, nilizileta kutoka machimboni, nikazitega baba alipokwenda Biharamulo kumzika dada yake, na aliporudi alijitwika kosa langu, maana nilikuwa nimeoa juzi na wazee wangenifukuza. Nami nilinyamaza, hata mlipompita bila kumwitikia nikiwa kando yake.

Tunamshukuru mganga wa zahanati, wavuvi wenzake waliobaki, na ninyi majirani mliomchimbia kaburi mkiamini ndiye aliyewaletea njaa.

Pumzika, baba. Kesho nakwenda kukaa mlangoni mahali pako, ingawa najua hakuna atakayepanda.