Shangazi wa Meza ya Kukagua Maputo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Shangazi, kama sote tunavyomwita hapa kiwandani, anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza maputo. Amechoka. Alituomba tusiandike kwamba bado ana nguvu kama msichana, kwa hiyo hatuandiki.

Alianzia kwenye mapipa ya utomvu wa mpira, akikoroga rangi. Enzi hizo nyumbani kwake walijua kiwandani kumetengenezwa maputo mekundu kwa kutazama kucha zake. Kisha akahamia kwenye kalibu zenye umbo la puto, zile zinazochovywa kwanza katika dawa ya kugandisha, halafu katika utomvu, zikatoka zimevaa ngozi laini. Brashi hukunja mdomo wa puto, tanuri hulikausha, na mikono hulivua. Kwa miaka mingi mikono hiyo ilikuwa ya Shangazi.

Mwisho akawekwa kwenye meza ya ukaguzi, nami nikawa jirani yake. Meza hiyo haina kiti. Kila puto alilochagua alilivuta mdomo mara mbili, akalijaza upepo, akalisogeza shavuni asikie kama linavuja. Likipasuka, sisi tunaruka. Yeye hapepesi hata jicho. Vijana wa kufungasha walimtania kwamba shavu lake la kushoto lilistahili mshahara wa peke yake. Akawaambia lipewe likizo kwanza.

Shida ni kwamba kazi ilimfuata mpaka nyumbani. Binti yake anasema kwenye sherehe za wajukuu, bibi hali keki. Anazunguka chumba akikagua maputo ya ukutani mpaka miguu inavimba. Ndiyo maana kwa siku ya kuagwa alituomba kitu kimoja tu: akae.

Nasi, kwa mazoea yetu, jana tukapamba ukumbi kwa maputo. Tulitoka kunywa chai, tukarudi tukamkuta juu ya ngazi, shavu kwenye puto la kijani. Kweli lilikuwa linavuja. Lakini roho iliniuma kumwona kule juu, anahema, siku moja kabla ya kupumzika.

Tumeyashusha yote. Leo kuta ni tupu, na mbele kuna kiti chenye mto.

Asante, Shangazi, kwa kila puto lililomfikia mtoto likiwa zima. Tunakutakia mapumziko marefu na miguu isiyouma. Kaa sasa. Humu ndani hakuna cha kukagua.