Mlio wa Mzee Teófilo Kilimani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Adelmo, mkwe wa marehemu, nimepewa kusoma kwa sababu wanawe hawana tena sauti, na mimi mwenyewe nimechoka, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu Teófilo Ochavano alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa mito inapokutana, mtoto wa tatu wa mzee Casimiro, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, akatoroka, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa kuwa mwalimu alimkataza kulia kama wanyama darasani. Kazi yake ikawa uwindaji, na hakuna aliyemfikia kwa kuwaita makisapa, hao kima buibui wetu weusi, maana aliweza kulia kama mtoto wao aliyepotea, na mama akisikia hushuka kutoka vileleni, akivunja matawi na kumtupia mtu, mpaka anaikaribia bunduki.

Mwaka 1973 alifunga ndoa na mama Elvira Sinuiri, mjane wake tuliye naye hapa, wakajaliwa watoto wanne, na wa tano akatoka msituni. Mei 1987, msimu ambao makisapa wamenona kwa matunda na kila nyumba inataka nyama, alimpiga jike, jike akafa lakini hakuanguka, mkia ukabaki umeng'ang'ania tawi, marehemu akakaa chini ya mti akingoja ulegee, huku kitoto mgongoni mwa mama kikilia ile ile sauti aliyozoea kuiiga.

Alikileta nyumbani, kama desturi yetu ilivyo, mama Elvira akakinyonyesha pamoja na mke wangu, aliyekuwa bado mchanga, ambaye hadi leo tunamtania kwamba ndiyo maana hashibi ndizi, na mama Elvira akawa anakibeba kichwani, mkia umemzunguka shingo. Kilipopevuka, mwaka 1992, kiliondoka, kama majike wao wanavyoondoka kutafuta kundi jingine, kikaenda kilimani kisirudi. Msimu uliofuata marehemu alichukua bunduki, mama Elvira akamwambia, "Nenda. Ila ukirudi na kima wa kilimani, utapika mwenyewe, na utakula huku ukijiuliza kama si mwanangu." Aliirudisha bunduki ukutani.

Tangu hapo akawa kero, tuseme ukweli, kila msimu wa unono aliwatangulia wawindaji kilimani, akabweka kama makisapa walioona chui, kundi zima likatawanyika, wanaume wakarudi mikono mitupu. Mikutanoni alirudia maneno yale yale mpaka tukasinzia, kwamba jike huzaa mtoto mmoja tu na hapati mwingine ila baada ya miaka mitatu minne, kwamba wao ndio wanaomeza kokwa kubwa na kwenda kuziangusha mbali, na kwamba ng'ambo ya mto, walikokwisha kuliwa, hata miti ya matunda haichipui. Nemesio Cauper, aliyewinda naye tangu ujana, aliacha kumsalimia.

Agosti 2018 marehemu alianza kupata shida kumeza, hospitali wakaona uvimbe kooni, na kufikia Machi iliyofuata sauti ilikuwa imekwisha. Sisi wa nyumbani tulijua kinachomtesa zaidi ni kuja kwa Mei, maana hakuna kati yetu anayeweza kubweka vile, tulijaribu, tukatoa sauti ya mbwa. Asubuhi moja ya Mei, wawindaji wakiwa wameshaondoka, tukasikia mlio kilimani, mke wangu akakimbilia kitandani akidhani baba ametoroka, akamkuta amelala, anacheka bila sauti. Aliyebweka kilimani alikuwa Nemesio. Aliposhuka nilimuuliza, akanijibu bila kusimama, "Mlio wangu mbaya, najua. Lakini wamekimbia."

Marehemu alituaga tarehe 2 Juni 2019, mkono wake mkononi mwa mama Elvira.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliotulisha siku hizi tulipokosa nguvu hata ya kuwasha moto, na wawindaji wenzake, mliomkasirikia na bado mmemchimbia kaburi. Na wewe Nemesio, uliyekaa nyuma kabisa, familia inakuomba uwafundishe wajukuu mlio huo, hata kama ni mbaya, maana Mei itarudi nasi tumechoka.

Pumzika kwa amani, baba. Kilimani yupo mtu.