Filamu ya Lusungu Niliyoitoa kwa Mikono Miwili

Ndugu waombolezaji, mie Fransis, mdogo wa marehemu, nimepewa karatasi hii na kamati ya mazishi niwasomee, nami nitaisoma, ila palipodanganywa nitasema, maana kinyaa nilicho nacho hakinitoki.

Lusungu Wilfred Mwaisemba alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika mji mdogo wa Itundula, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1992 hadi 1998, akifundishwa na Mwalimu Jesca, akamaliza kidato cha nne 2002, kisha akaja Dar es Salaam, akapiga picha za harusi Kipawa, na tarehe 11 Juni 2011 akafunga ndoa na Loveness, wakajaliwa watoto wawili, Gladness na Kornelio, wakajenga hapa Kinyerezi.

Karatasi inasema alijishughulisha na biashara ndogondogo. Biashara gani, jamani? Kaka yangu alikuwa mtengeneza filamu, na mwaka 2021 alirudi Itundula kutengeneza filamu ya mauaji ya Mwalimu Jesca, aliyekutwa amekufa katika shamba la miti la shule tarehe 3 Septemba 2017, baada ya kupinga miti ile isiuzwe. Waigizaji walikuwa watu wa mji ule ule, na mlinzi wa shamba, mzee Twaha, aliyeona kila kitu akaogopa kwenda polisi, alikubali kujiigiza mwenyewe, wakabaki wawili tu na kaka, akamtaja muuaji kwa jina mbele ya kamera. Twaha alifariki 2022, kompyuta ya kaka ikaibiwa, ikabaki nakala moja kwenye diski, akanipa mie niitunze, wala sikuwahi kuitazama.

Tarehe 20 Januari 2024, kwenye msiba wa baba yetu kule Itundula, mzee Elibariki, mfanyabiashara wa mbao, alikaa na wazee, akala nasi, kisha akaniomba kwa upole aitazame filamu kwanza yeye kama mtu mzima, isije ikautia mji aibu. Nikamwamkia shikamoo, nikampa diski kwa mikono miwili. Ilirudi baada ya siku tatu, tupu kabisa.

Agosti mwaka huo Lusungu aliugua figo, nikamwambia ukweli wodini, naye ndipo akanitajia jina lililokuwemo, Elibariki, asinigombeze, akauliza tu, "Mama yake Jesca umemwambia?" Nikajibu ndiyo, nikamdanganya mgonjwa, naye akafariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kinyerezi, na wapiga picha wenzake wa Kipawa. Karatasi inataka nianze na mzee Elibariki, kwa jeneza na maturubai haya, lakini sitamshukuru, amekaa pale mbele ananisikia, ananitia kichefuchefu, na mie mwenyewe najitia kichefuchefu zaidi.

Mama Anastasia, mama mzazi wa Mwalimu Jesca, umepanda basi toka Itundula ukijua tukishazika tutakuwekea filamu umsikie Twaha. Shikamoo, mama. Filamu haipo, niliitoa mie, na mtu wa mwisho aliyemsikia Twaha akilitaja lile jina ndiye huyu tunayemfukia saa tisa.

Lala kwa amani, kaka, sie tuliobaki tumekuangusha.