Sentensi Tano za Papa Placide

Wachungaji, wazee wa kanisa, mama zetu, jirani zetu wa hapa Alief, na ninyi mlioingia barabarani tangu alfajiri kutoka Dallas na Fort Worth, Bwana asifiwe. Mimi ni Orpa, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imeniomba nisome maisha ya Papa, na mnanijua, mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nimeyaandika yote kwenye karatasi, na nawaomba mnivumilie nikifika mahali pagumu.

Papa yetu, Placide Asukulu Byaombe, alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 huko Baraka, teritware ya Fizi, Kivu Kusini, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Byaombe Etabo na mama Nyassa, ambao wametangulia, na katika wale sita leo amebaki mmoja tu, shangazi yetu Scholastique, aliye bado kambini Nyarugusu, naye anatufuata saa hii kwa simu aliyoishika mdogo wangu Elia pale mbele. Papa alisoma shule ya msingi Baraka kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaingia sekondari Fizi, akaishia mwaka wa pili kwa sababu baba yake alifariki, na kiu ile ya shule haikumtoka hata siku moja. Alijifunza uashi, akafunga ndoa na Mama Mado tarehe 8 Agosti 1987, na Mungu akawapa watoto watatu, mimi mwaka 1989, Elia mwaka 1993, na Fanny, aliyezaliwa kambini mwaka 2001, maana vita vilitutoa nyumbani Oktoba 1996, tukavuka kwenda Kigoma, tukakaa ukimbizini miaka kumi na minane na zaidi, hadi tulipofika hapa Houston tarehe 12 Mei 2015.

Tarehe 3 Agosti mwaka huohuo alianza kazi katika kiwanda cha milango, akawekwa meza moja na Mzee Eusebio Montalvo, mtu wa Honduras, yule pale mstari wa pili aliyeshika kofia yake magotini. Mmoja alikuwa na Kihispania, mwingine Kiswahili na Kifaransa chake cha shule, na bosi wao alikuwa na Kiingereza tu, tena cha haraka.

Sasa nafika kwenye kosa langu la kwanza. Januari 2016 bomba la jikoni lilipasuka, Papa akaandika maneno kwenye kiganja cha mkono, akapiga simu ofisi ya apatimenti yeye mwenyewe, na sisi watoto watatu tuliokuwa kwenye sofa tukacheka, jamani, tukacheka hadi Fanny akaanguka chini. Mimi nikamnyang'anya simu, nikamwambia Papa, acha, nitaongea mimi. Akanipa, akaenda kunawa kile kiganja, na tangu siku ile hakusema tena Kiingereza mbele yetu, nasi tukajua kwamba hakijui. Nikawa mdomo wake, barua nasoma mimi, miadi napanga mimi, na hata nilipoolewa mwaka 2019 nikahamia Arlington, nili-drive ile barabara kuu ya I-45 kwa muda wa saa nne kila Papa alipoitwa na daktari, na niwaambie ukweli, niliona fahari.

Kumbe Papa alikuwa anasoma. Mzee Eusebio hakuwahi kukaa darasani hapa Amerika, alijitengenezea njia yake, akamfundisha Papa. Walikuwa hawakariri neno mojamoja, maana neno peke yake, alisema Mzee Eusebio, ni bawaba isiyo na mlango, bali kila mmoja aliandika katika kijitabu sentensi tano kwa siku, zile anazozihitaji siku hiyohiyo, za kumwambia bosi au za kumwambia mtu wa duka, akajirekodi kwenye simu, akajisikiliza ndani ya gari akienda na kurudi, akirudia kwa sauti mpaka ulimi ukubali. Asubuhi walibadilishana vijitabu, kila mmoja akamsahihisha mwenzake kwa penseli. Walikuwa na ukurasa wa maneno yanayodanganya, yale yanayofanana na Kihispania au Kifaransa lakini maana yake ni nyingine kabisa. Mzee Eusebio alibandika sauti mbele ya maneno, Papa alibandika katikati na nyuma, neno "street" mmoja akilisema "estrit" na mwingine "sitiriti", wakachekana, lakini kicheko chao kilikuwa cha watu wawili walio shimo moja, hakikuwa kama chetu. Saa ya chakula ilikuwa Kiingereza tupu, na anayeteleza akarudia lugha ya mama yake, anaosha vyombo vya mwenzake. Mama alijiuliza miaka tisa kwa nini bakuli la Papa hurudi limeoshwa, ndiyo hiyo, Mama, Mzee Eusebio aliteleza sana.

Machi 2025 Papa alianza kulalamika tumbo, tarehe 28 akaacha kazi, na mwezi wa nne wakaona saratani ya ini. Jumanne tarehe 9 Septemba daktari alituita, akauliza kama tunataka mkalimani wa hospitali, nikajibu kwamba hapana, mimi natosha. Daktari yule alisema maneno mazito, akayasema taratibu, akimtazama Papa machoni, kisha akanigeukia ili niyafasiri. Ndugu zangu, kwetu mnajua, mgonjwa haambiwi, anaambiwa ataona nafuu, na kifo chake kinajulikana na watu wote isipokuwa yeye. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba dawa inafanya kazi polepole, ale vizuri, aache mawazo. Papa akanishika mkono, akasema aksanti, mwanangu, umefanya vizuri.

Kwa sababu ya uongo ule tuliendelea kumrudisha hospitali kama mtu wa kupona. Tarehe 11 Novemba alilazwa kwa mara ya mwisho, akawekewa mpira kooni, sauti ikafungwa, na Alhamisi tarehe 20 Novemba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Papa alitutoka, katikati ya mashine, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Kesho yake Mzee Eusebio alikuja nyumbani na kijitabu, akaniambia ni cha Papa, alikuwa amebaki nacho tangu mwanzo wa Novemba, kwa sababu hata baada ya kuacha kazi walibadilishana kila alipokuja kumtazama. Akanionyesha ukurasa wa tarehe 9 Septemba. Alidhani Papa alishanisomea zamani zile sentensi tano, maana alizisahihisha yeye mwenyewe kwa penseli ili ziwe tayari kwa ajili yangu. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila safari hii mgonjwa hakuficha kitu, nilificha mimi.

Kabla sijausoma ukurasa huo, familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani zetu waliotuletea chakula siku hizi zote, wafanyakazi wenzake wa kiwanda waliobadilisha zamu ili wafike, kwaya ya mama, wachungaji, na Mzee Eusebio, ambaye alimsikia Papa yetu kuliko sisi tulioishi naye, na kama wengine wenu mna mzee nyumbani anayejikongoja na Kiingereza chake, tafadhali, msimnyang'anye simu.

Papa aliandika hivi, kwa Kiingereza kilichonyooka, nami nafasiri, leo sipunguzi neno. Ya kwanza, nimemsikia daktari na nimeelewa yote. Ya pili, binti yangu anaogopa, sitaki kumwaibisha. Ya tatu, nataka kufia nyumbani, nisikie Mado akitwanga majani ya sombe. Ya nne, nataka kuongea na dada yangu Scholastique ningali na sauti. Ya tano, nitamngojea Orpa aniambie mwenyewe.

Papa, umengoja siku sabini na mbili, nami nilikuwa nakuja kila wiki, nakupikia uji, nakuambia unaonekana vizuri. Nimechelewa, Papa, lakini nakuambia sasa mbele ya watu wote. Daktari alisema dawa zimeshindwa, alisema umebakiwa na miezi miwili au mitatu, na aliniomba nikuulize wewe unataka nini. Sikukuuliza. Nisamehe, Papa, na upumzike kwa amani.