Lita Ishirini na Moja Zilizobaki Chini

Mwangaluka, wazee wangu, mayu, mama zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango mkingoja nimalize mkale. Mhola? Haya. Mchungaji amenipa dakika kumi na tano na amenionya nisizunguke. Nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Mimi ni fundi wa matenki. Nikiangalia humu ndani, benchi moja kwa benchi, naona watu walio na tenki langu nyumbani: la trekta, la boza la maji, la mashine ya kusaga kule Ngulyati. Miaka ishirini na mbili nachomelea, na sijawahi kurudishiwa tenki linalovuja. Nayasema haya mjue kiburi nilikitoa wapi.

Sitamtaja mtu jina. Kuna mzee mmoja ana shamba la pamba upande wa Lalago, na ana ndege yake ndogo ya viti vinne. Zamani alikuwa rubani wa kazini. Alipostaafu akanunua ndege iliyochoka, akasawazisha kipande cha shamba, kikawa kiwanja. Sasa, ndugu zangu, mtu ana ndege lakini mafuta yake hayauzwi Bariadi. Petroli ya ndege siyo hii tunayotia kwenye bodaboda. Alikuwa anaifuata Mwanza na kuileta kwa mapipa. Akitaka kwenda mbali na kurudi bila kuongeza njiani, matenki ya kwenye mabawa yalikuwa hayamfikishi.

Akaenda kwa mafundi wa ndege wenyewe. Wakamwambia kuongeza tenki inawezekana, ila lazima lichorwe, lipimwe, likaguliwe, na kibali kitoke ndipo lifungwe. Mzee akaona safari ndefu. Akaja kwangu.

Akaniuliza, "Fundi, unaweza?"

Nikamjibu, "Mzee, tenki ni tenki."

Nawaambia ukweli, hata usingizi ulinipaa kwa furaha. Mimi, mtoto wa mchunga ng'ombe, natengeneza kitu cha kuruka! Nikakata alumini, nikaunda tenki la kukaa nyuma ya viti, lita sabini na tano, na pampu ndogo ya kusukuma mafuta kwenda kwenye mabawa. Nililijaza maji nikalilaza siku mbili. Halikutoa hata tone.

Sasa sikilizeni hapa, maana kosa liko hapa. Mafundi wa huku wote tunajua dizeli yetu inavyosafiri: pipa hadi pipa, vumbi, maji ya mvua, kutu. Kwa hiyo mdomo wa kutolea mafuta hatuuweki chini kabisa. Tunauinua vidole vinne kutoka sakafu ya tenki, uchafu ulale pale chini usiingie kwenye injini. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo ninavyofundisha. Nikauinua vidole vinne. Wala sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

Halafu nikachonga kijiti cha kupimia. Nikamimina mafuta kwa jagi la lita tano, kila jagi nikakata alama, kuanzia chini kabisa mpaka juu. Kijiti kikawa kinasema kweli tupu kuhusu mafuta yaliyomo ndani. Kuhusu mafuta yatakayotoka hakikusema lolote, na mimi sikusema, na mzee hakuuliza. Lita ishirini na moja zilikuwa zinalala pale chini na injini haizifikii hata ifanyeje.

Aliruka nalo mara tatu, nne. Kila akirudi anakuwa amebakiza mengi, kwa hiyo hakuna aliyegundua kitu. Watu wakaanza kuniita Fundi Ndege. Nikaitika.

Mama watoto wangu mnamjua, yupo pale kwenye safu ya akina mama. Ana tatizo la moyo, kuna valvu haifungi sawasawa. Alikuwa ameandikiwa kwenda Dodoma kuonana na madaktari wa moyo. Kwa basi ni siku nzima, na safari ya kabla ya hapo alishushwa akiwa amevimba miguu, hawezi hata kuvaa kandambili. Yule mzee akasikia. Akasema, "Mimi nina shughuli Dodoma wiki hii. Atapanda na mimi, ndani ya saa mbili na ushee tumefika." Nililia. Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia wabeja, wabeja sana.

Wakaenda salama. Siku ya tatu asubuhi mzee akanipigia kutoka Dodoma. Akasema petroli ya ndege siku hiyo hakuipata, lakini amepiga hesabu yake. "Sindano za geji za matenki ya mabawani, hizi za kizee, siziamini," akasema, "lakini kijiti chako kinasoma lita arobaini. Tunafika na tunabakiza." Nikamsikia mama watoto nyuma yake anacheka, anasema nimpikie ugali wa mtama. Simu ikakatika, wakaruka.

Mimi nikaenda kule shambani kuwapokea. Nikakaa barazani na mke wa yule mzee, tunakunywa chai. Walitegemewa saa tano. Ilipofika saa nne na nusu yule mama akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mafuta yanawatosha?"

Nikasema, "Yanatosha, mayu. Kwenye tenki langu peke yake kuna lita arobaini."

Akasema, "Na yote yanatoka? Nauliza tu, mimi mtu wa jikoni."

Nikafungua mdomo nijibu. Halafu nikauona kichwani ule mdomo wa kutolea mafuta. Niliuona kabisa, na vidole vyangu vinne vimewekwa chini yake napima. Arobaini toa ishirini na moja. Kumi na tisa. Nikakumbuka upepo unatoka mbele yao tangu asubuhi.

Ndugu zangu, nimewahi kuumwa, nimewahi kufiwa, nimewahi kuibiwa mashine zote karakana ikabaki kuta. Sijawahi kuwa mnyonge kama siku ile. Najua kila kitu. Najua tatizo ni nini, najua liko wapi, na dawa yake ni maneno manne tu: tua mapema, ongeza mafuta. Na hakuna wa kumwambia. Nikapiga simu ya mzee, haipatikani. Ya mama watoto, haipatikani. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka yule dada wa kwenye simu nikaanza kumjibu. Mke wa mzee akampigia mtu anayemfahamu wa mambo ya ndege, akaambiwa watajaribu kumtafuta kwa redio, na redio ya ndege ile nayo ilikuwa mara isikike mara isisikike.

Nilikimbia mpaka mwisho wa kiwanja. Kwa nini? Sijui. Nikarudi nikikimbia. Mfukoni nilikuwa na spana namba kumi na tatu, nikaishika mpaka ikapata moto mkononi. Kazi yangu yote maishani ni mikono hii, na saa ile haikuwa na la kufanya. Nilijaribu kuomba, nikashindwa, kwa sababu kila nikianza nasikia sauti yangu mwenyewe inasema tenki ni tenki.

Saa tano ikafika. Saa sita. Yule mama aliacha kuniuliza. Alikuwa ananitazama tu, na nadhani alikuwa ameshaelewa.

Saa saba mchana ikaingia namba nisiyoijua. Mchunga ng'ombe mmoja kule Meatu. Akaniuliza kwa Kisukuma kama mimi ndiye mwenye mke aliyevaa kitenge cha njano. Akasema mwenyewe, "Yupo hai. Analia, lakini yupo hai."

Injini ilikuwa imezima angani. Mzee akaishusha ndege kwenye ngitili ya watu, yale malisho yasiyoingizwa ng'ombe mpaka kiangazi kikali. Majani yalikuwa marefu, gurudumu la mbele likaingia shimoni, ndege ikasimamia pua. Mama watoto alivunjika mfupa wa bega. Mzee mguu wake wa kulia ulivunjika mara mbili, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Wachungaji wa ng'ombe ndio waliowatoa na kuwafikisha hospitali. Moyo wa mke wangu, ule ule uliokuwa mgonjwa, ukavumilia.

Hapo mtasema basi, Mungu mkubwa, ushuhuda umeisha. Bado. Kuanguka kwangu ndiyo kwanza kunaanza.

Watu walikuja kunipa pole. Wakasema upepo. Wakasema ndege yenyewe kuukuu. Mzee, kitandani, akasema, "Nilipiga hesabu vibaya, uzee huu." Alinitazama akisema hivyo, na mimi nikatazama chini. Nilimwacha mzee wa miaka sabini, mguu umening'inizwa, abebe kosa langu. Siku kumi na moja nilimwacha. Wakaguzi wa ndege walitoka Dar, wakapita kwenye ndege, wakasema watarudi kuongea na mimi. Nikafunga karakana. Nilikuwa nashika mashine naiweka chini, nashika kijiko nakiweka chini. Mama watoto, na bega lake limefungwa, na moyo wake ule, ndiye aliyekuwa ananibembeleza nile. Ananiambia, "Usiogope, baba, nimeshapona." Kila akiniambia hivyo nilitaka ardhi inimeze.

Siku ya kumi na moja alikuwa amekaa uani anachambua karanga kwa mkono mmoja. Nikakaa chini mbele yake. Nikamweleza. Vidole vinne, kijiti, lita ishirini na moja, yote. Nilizungumza haraka haraka ili nisiishie njiani. Nilipomaliza akaendelea kuchambua karanga. Moja, mbili, tatu.

Akasema, "Nilijua."

Nikasema, "Ulijuaje?"

"Injini ilipozima kukawa kimya kabisa. Nikasikia mafuta yanacheza nyuma ya mgongo wangu. Chwa, chwa. Nikamwambia mzee, mbona mafuta yapo? Yeye alikuwa anatafuta pa kutua. Nikajua ni tenki lako."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Siku kumi na moja mgonjwa alikuwa amekaa na mimi, ananipakulia, ananiambia nisiogope, na anajua. Nililia mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia.

Kesho yake tulienda wote wawili kwa mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi ni rubani. Nilipaswa kulimimina lote nione kinachobaki, na nilipaswa kusubiri kibali. Sikutaka kusubiri." Hakuniambia si kosa lako. Namshukuru kwa hilo pia, maana angeniambia hivyo nisingemwamini.

Wakaguzi waliporudi niliwapa kijiti kwa mkono wangu. Mmoja wao, mtu mpole, hakunifokea. Aliniambia wao ukubwa wa tenki hauwashughulishi sana. Wanahesabu kile kinachofika kwenye injini wakati ndege imeinama, imeinuka, imelala upande. Kinachobaki wanakiandika kuwa hakipo. Kisha akaniandikia onyo, na ndege nimekatazwa kuigusa. Sawa kabisa. Fundi Ndege amekufa, na wateja wengi walikwenda naye. Karakana ilikaa miezi bila kazi, nilikuwa nafungua asubuhi nafagia, nakaa, nafunga. Mikono ilirudi polepole. Kwanza nikaziba sufuria. Kisha bomba la kunyunyizia dawa ya pamba. Leo natengeneza matenki tena, na kabla hujalichukua nalijaza mbele yako, nalifungulia mpaka liache kutoa, halafu nakuonyesha kilichobaki ndani. Wengine mnaona nawapotezea muda. Mnisamehe, mtasubiri.

Nawashukuru wachungaji wa ng'ombe wa Meatu, ambao sura zao nilizijua baadaye nilipowapelekea asante. Namshukuru yule mama wa jikoni, aliyeuliza swali ambalo fundi na rubani hatukuliuliza. Nawashukuru kina baba wa jumuiya yetu mliokuja kukaa na mimi karakanani wakati hakuna kazi, mnapiga soga na mtu asiyejibu. Na mzee wangu, uliyekaa pale na mkongojo wako, mguu wako siwezi kukurudishia. Nalijua hilo kila siku.

Kama kuna la kujifunza kwangu, ni hili. Ukijua umekosea, sema siku hiyo hiyo, sema kabla hujaulizwa, maana ukikaa kimya kuna mtu mwingine anaubeba huo mzigo, na mara nyingi ni yule uliyekwisha kumwumiza. Mimi nilichelewa.

Na nimalizie hivi, mchungaji, dakika zangu najua zimekwisha. Wiki hii nilipokuwa najiandaa kusimama hapa, nilikaa nikayapitia yote niliyomwambia mama watoto pale uani. Nilimweleza vidole. Nilimweleza lita. Nilijieleza vizuri sana, kama fundi. Lakini kuna neno moja sikulisema, si siku ile, si mpaka leo, na yeye hajawahi kunidai.

Mama watoto, simama kidogo. Usione aibu, ni mimi tu.

Nisamehe.