Mzee Jilo na Kengele ya Idsowe

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, ni kaka yangu Mzee Valentine Jilo, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1951 hapa hapa Idsowe, akasoma kijijini hadi darasa la saba, akarudi kwenye mpunga na migomba ya baba yetu, na mwaka wa 1979 akakabidhiwa kamba ya kengele ya kanisa letu hili kongwe.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na Bi Priscilla, humu humu kanisani, wakajaliwa watoto watatu, Janet akiwa kifungua mimba.

Kosa lake moja kijiji kizima mnalijua, nasi hatulifichi. Mwaka wa 1983 aliambiwa mama mkwe wake, Bi Hawo, amefariki, akakimbilia kamba, akapiga kengele ya msiba mpaka watu wakatupa majembe, kumbe mama alizimia tu, akaja mwenyewe na fimbo yake hadi mlangoni, akauliza, "Mkwe, nani kafa?" Jilo akajibu, "Karibu ukae, mama, bado tunatafuta."

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya parokia hii, mpiga kengele hampigii marehemu kabla hajamfunua uso akamwona kwa macho yake.

Mafuriko ya Mei 2024 yalipopasua ukuta wa kanisa, aliiteremsha kengele, akaipakia mtumbwini pamoja na jirani yetu Abdikarim, mfugaji, ambaye ng'ombe wake huenda mtoni kwa mlio wa kengele hiyo. Priscilla akauliza, "Na kitanda chetu?" Akaambiwa, "Kitanda tutachonga, mke wangu." Wakalala chini kambini miezi mitatu. Agosti kengele ikarudi kanisani, kifua cha kaka yangu, kilichoingiwa na baridi ya kambini, hakikupona, naye akamwachia Janet kamba.

Alifariki hospitalini Garsen, Jumapili tarehe 9 Februari, saa tatu asubuhi, Janet akiwa ameshika kamba ya kengele kuita watu ibadani, simu ilipoita. Akaiachia. Siku sita kengele imenyamaza, kila aliyemsihi Janet ampigie baba yake, alijibiwa, "Bado tunatafuta."

Leo asubuhi aliingia peke yake lilipo jeneza, akakaa, akakaa, akatoka akasema, "Baba mdogo, nimemwona."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waumini, majirani, wakulima wenzake, na Abdikarim aliyetuletea maji siku zote sita.

Lala salama, kaka, hutafutwi tena. Janet, mwanangu, shika kamba.